Imekataa, sawa, lakini imeandikaje?

Najua nimepotea wiki mbili nzima bila kuandika chochote humu, na wengine mmenitumia meseji kuuliza kama nimedisco. Hapana jamani, sijadisco, nipo hapa hapa Malimbe nakula dagaa kama kawaida. Kilichodisco ni laptopu yangu. Ngoja niwape stori yote tangu mwanzo, maana kuna watu humu mna laptopu kama ya kwangu na siku yenu inakuja.

Mnaoijua mnaijua. Ni Dell ya mtumba, nilinunua mwaka wa kwanza kwa hela ya bumu na nyongeza ya mama. Betri yake ilishakufa zamani, kwa hiyo inaishi kwa waya tu. Mtu akipita akagusa chaja, inazima kama koroboi iliyopulizwa. Ilikuwa na Windows 10 aliyoiweka sijui nani kabla yangu, na ilikuwa imechoka haswa. Ukiiwasha unaweza kwenda kuchota maji, ukaoga, ukarudi ukakuta bado kile kiduara kinazunguka. Halafu kila flashi niliyochomeka steshenari kuprinti asaimenti ilirudi na zawadi, folda zote zimegeuka shotikati.

Windows 11 ndiyo usiseme. Inataka vitu ambavyo hii ya kwangu haina, kimojawapo ni kijichipu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walifunga kipindi cha kuihudumia Windows 10. Aliyetaka kuendelea kupata masasisho ya usalama ilibidi ajiandikishe kwenye mpango wa ziada. Mimi nikasema liwalo na liwe, napiga Windows 10 upya, iwe safi, nimalizie ripoti ya utafiti, mengine nitajua mbele ya safari.

Sasa hiyo ripoti ndiyo kiini cha stori. Mwaka 2025, Julai na Agosti, nilikuwa TP upande wa Sengerema. Nilikuwa kati ya watu wa kwanza kwanza kulifaidi daraja la Kigongo–Busisi, lile lililofunguliwa Juni 2025. Kilometa 3 juu ya ziwa, unapita ndani ya gari umekaa, wakati zamani mlipanga foleni ya kivuko mpaka mnajuana kwa majina. Nilikuwa nafundisha Historia na Kiswahili, na nikakusanya data za utafiti hapo hapo. Mada yangu ni kwa nini wanafunzi wa kidato cha kwanza wananyamaza darasani. Nilirekodi mahojiano 14 kwa simu, walimu na wanafunzi. Simu ikajaa, nikahamishia sauti zote kwenye laptopu, diski D, nikafuta kwenye simu.

Ndiyo. Nikafuta kwenye simu. Bakapu sina. Kwenye imeili sina. Mwalimu mtarajiwa huyo.

Basi bwana, Alhamisi usiku nikaazima flashi ya shosti wangu wa chumba cha pili, ina Windows 10 tayari. Nikachomeka, nikawasha, nikabonyeza F12 kuchagua flashi, nikafika sehemu ya kuchagua diski. Nilijua kwamba Windows iko C na vitu vyangu viko D, nikafomati C peke yake, nikabofya Next, nikakaa kitandani naangalia asilimia zinavyopanda. Kumi. Ishirini na mbili. Thelathini na nane.

Umeme ukakatika.

Wadau, giza la Malimbe usiku umeme ukikatika mnalijua. Unasikia hosteli nzima inaguna kwa pamoja. Mimi sikuguna. Nilikaa kimya nimeishika ile laptopu mapajani ikiwa bado ya moto.

Umeme uliporudi saa nane za usiku nikaiwasha. Skrini nyeusi, maandishi meupe, inasema haijaona kifaa chochote cha kuwashia. Windows ya zamani nimeshaifomati, mpya haijamaliza kuingia. Nikachomeka flashi tena, haikuisoma. Nikaingia YouTube kwa simu, bando lenyewe la mwisho, nikapata video ya jamaa anaongea haraka haraka anasema ingia BIOS, kwenye sehemu ya kuwashia toa Legacy weka UEFI. Nikabonyeza F2, nikaingia, nikatoa Legacy, nikaweka UEFI, nikasevu. Sikujua Legacy ni nini wala UEFI ni nini. Nilijua tu kwamba video ilikuwa na watazamaji wengi.

Na kweli flashi ikasoma! Nikashangilia peke yangu. Nikafika tena sehemu ya kuchagua diski, nikachagua ile niliyoifomati, na hapo kitufe cha Next kikafifia. Hakibofyeki. Chini yake kuna kimstari kidogo chenye alama ya njano ya hatari. Nikazima, nikawasha, nikarudia. Kimefifia. Nikabadilisha tundu la flashi. Kimefifia. Nimerudia mpaka jogoo wa jirani wakaanza kuwika, pengine mara kumi na tano, na kila mara nilifanya kitu kile kile na kutegemea Mungu aone huruma.

Asubuhi nikapanda daladala mpaka mjini, nikaenda kwa fundi mmoja. Duka silitaji, na wala sina ugomvi naye, maana alinisikiliza vizuri tu. Akaiwasha, akaangalia kama sekunde kumi.

"Dada'angu, hii diski tunaifuta yote, tunapiga upya. Elfu kumi na tano. Jioni unachukua."

"Kaka, na vitu vilivyomo kwenye D?"

"Vinaondoka. Ila kompyuta itakuwa nyepesi, utafurahi mwenyewe."

Nikaichukua laptopu yangu nikaiweka kwenye begi. Nikashuka mpaka Kamanga, nikakaa naangalia Jiwe la Bismarck na vivuko vinavyoingia na kutoka, nikapiga hesabu. Kurudi Sengerema kuwahoji tena watu 14? Walimu wengine walishahama. Na ripoti inatakiwa ndani ya wiki tatu. Sioni aibu kuwaambia kwamba nililia kidogo pale.

Jioni niko nje ya maktaba na lile begi, akapita dogo mmoja wa mwaka wa kwanza anayesali na sisi kwenye jumuiya. Anasoma mambo ya kompyuta. Akanisalimia, akaona uso wangu, akauliza kulikoni. Nikamwambia laptopu imekataa kupiga Windows.

"Imeandikaje, dada?"

"Imekataa tu. Next haibofyeki."

"Sawa, imekataa. Lakini imeandikaje?"

Nikamwangalia. Nilirudia kitu kile mara kumi na tano usiku kucha na nilikuwa sijui imeandika nini. Tukatafuta soketi, tukaiwasha, tukafika pale pale. Dogo akaweka kishale kwenye kile kimstari cha njano, akakibofya. Kumbe kinabofyeka! Kikafunguka kijidirisha chenye sentensi mbili tatu za Kiingereza, wala si Kiingereza kigumu. Kwa Kiswahili chetu ungesomeka hivi: Windows haiwezi kuwekwa kwenye diski hii. Diski uliyoichagua ina jedwali la mtindo wa MBR. Kwenye mfumo wa EFI, Windows huwekwa kwenye diski za GPT tu.

Dogo akacheka. "Dada, hapa laptopu imekueleza kila kitu. Haijaharibika."

Akanielezea, na mimi nawaelezea nyie kwa lugha ya mwalimu. Diski ni kama shule yenye madarasa mengi, na pale getini pamebandikwa karatasi moja inayosema darasa hili linaanzia hapa, lile linaishia pale. Hiyo karatasi ndiyo jedwali. Kuna mtindo wa zamani, MBR, uliokuja na kompyuta za IBM mwaka 1983. Unaruhusu vyumba vikuu 4 tu na hauwezi kutumia diski kubwa zaidi ya terabaiti 2. Na kuna mtindo mpya, GPT, ambao kwenye Windows unaruhusu hadi 128. Sasa kompyuta nayo ina namna mbili za kuamka. Ya zamani, Legacy, inasoma karatasi ya zamani. Ya kisasa, UEFI, Windows ikiwekwa kwa njia hiyo inataka karatasi mpya.

Laptopu yangu ilipigwa Windows zamani kwa namna ya Legacy, kwa hiyo karatasi yake ni MBR. Ilikuwa inaishi vizuri na karatasi yake. Halafu mimi saa nane za usiku nikaenda kuiambia iamke kwa UEFI. Ikaniambia wazi wazi, umenibadilishia namna ya kuamka na diski yako ni ya zamani, havipatani. Na mimi nikawa nabofya Next.

Alichotaka kufanya yule fundi ni kuichana ile karatasi na kubandika mpya. Ni njia halali kabisa na Windows ingeingia. Ila karatasi ikichanwa, kompyuta haijui tena D ilianzia wapi. Kuna programu za kutafuta faili zilizopotea, ila hapo unacheza bahati nasibu.

Nikamwambia dogo haya, irudishe Legacy haraka. Akakataa. "Kwanza tutoe vitu vyako dada. Mgonjwa anatolewa ndani ya nyumba kabla ya kuanza kuziba bati." Akachomoa kwenye begi flashi yake yenye Ubuntu. Hii ni Linux iliyoanza mwaka 2004, mwanzilishi wake ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la kwao lenye maana ile ile ya utu wetu. Utamu wake ni kwamba unaweza kuiwasha ikiwa kwenye flashi bila kuiweka kwenye diski. Unachagua kuijaribu tu. Kwenye RAM yangu ya GB 4 ilikuwa inatembea kama mzee anayepanda mlima, ila ilifika. Tukafungua diski D.

Zilikuwepo. Zote 14, na majina niliyoziandikia mwenyewe. Tukakopi kwenye flashi yangu, halafu dogo akakopi tena kwenye simu yake kwa ajili ya usalama, nikamwapisha asisikilize, maana niliwaahidi watu siri.

Baada ya hapo kazi yenyewe ilichukua dakika tano. F2, UEFI toa, Legacy rudisha, sevu. Na ile flashi ya Windows ambayo haikusoma usiku ule? Tundu la kushoto la laptopu yangu limelegea, basi. Tukachomeka la kulia ikasoma. Tukafika kwenye diski, tukachagua ya C, na kitufe cha Next kikawaka kama hakijawahi kununa. Safari hii tulichomeka laptopu maktaba ambako kuna jenereta. Ikamaliza. Intaneti mwanzo haikushika kwa sababu draiva ya waifai haikuwepo, tukaunganisha simu kwa waya ikapata intaneti ya simu, draiva ikajishusha yenyewe. Nikamnunulia dogo chipsi mayai. Elfu kumi na tano yangu ikapona.

Stori ingeishia hapo, lakini usiku ule nilikaa kusikiliza zile sauti, sasa nikiwa nazithamini kuliko mwanzo. Kuna moja ya binti wa kidato cha kwanza, anaongea kwa aibu, sauti kama anajificha kwenye kiganja. Nilimuuliza kwa nini nikiuliza kama wameelewa wote wanaitikia ndiyo, halafu mtihani unakuja wanapata sifuri. Akasema, "Madam, tukisema ndiyo unaendelea. Tukisema hatujaelewa unarudia vile vile kwa Kiingereza."

Nilikuwa nimeshaisikia mara tatu hiyo sauti na nimeshaiandika kwenye ripoti kama data. Safari hii ilinichoma. Huyo binti alikuwa anabofya Next, kama mimi.

Fikirieni. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia shule za msingi za serikali zilizo nyingi. Mtoto anasoma miaka yote kwa Kiswahili, anafaulu, anavaa sketi mpya, anaingia kidato cha kwanza na karibu kila kitu kinageuka Kiingereza. Hapo anajifunza kitu kimoja haraka sana, kwamba maneno yaliyo mbele yake si ya kusomwa, ni ya kupita. Itikia, nakili, songa mbele. Mimi nimepitia njia hiyo hiyo. Ndiyo maana nikiona sentensi mbili za Kiingereza zina alama ya njano, macho yangu yanaziruka yenyewe, na mimi niko mwaka wa tatu chuo kikuu! Kiingereza kile nilikielewa, shida ni kwamba sikujaribu hata kukisoma.

Kuna watu walishaliona hili kwenye kompyuta. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazoongea Kiswahili. Hata Windows 10 ina kifurushi cha Kiswahili. Sijawahi kukiweka, na nyie pia, msinidanganye. Tunacheka tukisoma "tarakilishi".

Lakini kilichoninyima usingizi hasa ni kitu kingine. TP niliwapa kidato cha kwanza jaribio la Historia, swali liliwataka waeleze sababu za biashara kukua kwenye maeneo ya ziwa. Wanafunzi kama tisa hivi walinakili swali lenyewe kama jibu. Neno kwa neno, hati nzuri, na nukta mwishoni. Mimi nikaweka mkasi mwekundu, sifuri, sifuri, sifuri, na kwa mmoja nikaandika "uvivu". Nilikasirika kweli siku ile, nikasema hawa watoto wananidharau.

Kumbe ule ndio ulikuwa ujumbe wa hitilafu. Mtoto mvivu angeacha wazi. Anayenakili swali zima kwa hati nzuri anakwambia, madam, kalamu ninayo, nia ninayo, swali lako sikulisoma kwa sababu sijui kulisoma. Ujumbe upo pale chini, ni wa kubofya tu. Mimi nilifanya kama yule fundi, niliangalia sekunde kumi nikaamua kufuta yote. Na aliyeandikiwa "uvivu" hatajua kamwe kwamba mwalimu wake alikuja kufanya kitu kile kile mara kumi na tano usiku mmoja.

Nimeandika sehemu mpya kwenye ripoti kuhusu hayo majibu ya kunakili swali. Bahati nzuri niliyapiga picha, na picha zilikuwa D. Msimamizi akiikataa sawa, ila safari hii nitasoma ameandika nini pembeni.

Haya, kwa wenye laptopu za mtumba, niwaachie mambo machache. Kabla ya kupiga Windows kopi vitu vyako sehemu mbili, na moja isiwe ndani ya chumba chako. Betri ikiwa imekufa usianze kazi hiyo umeme wa wasiwasi. Kabla hujagusa kitu BIOS, piga picha kwa simu jinsi kilivyokuwa, ili ujue pa kurudi. Na ukiona imekataa, usije kunigongea mlango kuniambia imekataa. Nitakuuliza imeandikaje.

Shosti, flashi yako ninayo, nakuletea leo jioni. Mwenye betri ya Dell nzima anayeiuza kwa bei ya mwanafunzi anishtue. Ngoja nikimbie, kuna pindi saa nne na mimi bado sijapiga pasi.